Karatasi Hupita, Kinachobaki Ndicho Mchango: Kupima Uchapaji Katika Uchumi wa Mkoa

Wachapaji wakitaka kuwaonyesha watunga sera kwamba nao wamo, hukimbilia namba moja: jumla ya mauzo ya mwaka. Ni namba rahisi kuipata na inapendeza ikiandikwa kwenye bango, lakini haipimi mchango. Kwa sehemu kubwa inapima karatasi iliyopita mlangoni. Karatasi hiyo ilitengenezwa na watu wengine, mara nyingi nje ya mkoa, na pleti (mabamba ya kuchapia) na wino vilevile. Kiwanda kinachotumia karatasi ghali kitaonekana kimechangia kuliko jirani yake anayetumia karatasi nafuu, ilhali idadi ya wafanyakazi ni ileile, mashine ni zilezile na saa za kazi hazijatofautiana.

Kinachotafutwa ni thamani iliyoongezwa, yaani thamani ya kilichozalishwa ukitoa vyote vilivyonunuliwa kwa wengine na kuliwa katika uzalishaji. Ndiyo inayoingia kwenye pato la mkoa. Maelezo yake ni mstari mmoja. Kuipata kwa uaminifu ndiko kunakochosha, na uchapaji una mitego ambayo kiwanda cha sabuni hakina.

Nani ahesabiwe

Kabla ya kutuma dodoso hata moja, chora mpaka. Kiswahili chenyewe kinatutega hapa, kwa sababu mitaani neno "uchapishaji" hubeba kazi mbili: ya yule anayemiliki muswada na kubeba hasara kitabu kisipouzwa, na ya yule mwenye mashine anayelipwa kwa kila oda. Wa kwanza ni mchapishaji, wa pili ni mchapaji, au mpiga chapa kama wasemavyo wazee wa kazi. Takwimu rasmi nazo ziliwahi kuwaweka chumba kimoja. Katika toleo la 3 la ISIC, uainishaji wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, wote walikaa divisheni ya 22. Toleo la 4, la mwaka 2008, liliwatenganisha: uchapaji ukabaki viwandani katika divisheni ya 18, uchapishaji ukahamia sekta ya habari na mawasiliano katika divisheni ya 58. Mtu akichukua takwimu za miaka mingi bila kuangalia toleo, ataona sekta imeporomoka ghafla, kumbe ofisi ya takwimu imehamisha mafaili tu na hakuna mashine iliyozimwa.

Ndani ya divisheni ya 18, daraja la 1811 ni kuchapa kwenyewe: magazeti, vitabu, fomu, stempu, hundi, lebo, hata kuchapa moja kwa moja juu ya plastiki, kioo au chuma. Daraja la 1812 ni huduma zinazozunguka kazi hiyo, kama kuandaa kurasa, kutengeneza pleti, kukunja na kujalidi. La 1820 ni kunakili rekodi za sauti, video na programu. Wengi huliacha nje ya ripoti ya uchapaji, na hakuna ubaya mradi waseme hivyo.

Ugumu uko pembezoni. Maboksi ya kukunja yanayochapwa rangi nne yako 1702, pamoja na makaratasi mazito ya mawimbi. Madaftari, ambayo maandishi yaliyochapwa si sifa yake kuu, yako 1709. Kuchapa fulana kwa skrini kuko 1313, kwenye umaliziaji wa nguo. Duka la fotokopi liko 8219 na mbunifu wa michoro 7410. Ukifuata kundi la 181 (yaani 1811 na 1812) peke yake utakosa sehemu kubwa ya watu wanaojiita wachapaji. Ukiwachukua wote utaingiza viwanda vya karatasi visivyochapa hata nukta. Tunachopendekeza ni kuwa na kiini na pete: kiini ni 181, pete ni hayo ya pembeni ambapo uchapaji ni kazi halisi, na kila moja ina safu yake kwenye jedwali. Pete isiingizwe kimyakimya kwenye jumla ya kiini. Kiwanda kinachofanya vitu viwili, vitabu na maboksi kwa mfano, huwekwa kwenye daraja la shughuli inayokiletea thamani iliyoongezwa kubwa zaidi. Wingi wa mauzo hauamui, na kibao cha mlangoni hakiamui.

Kuna pia mashine zilizo ndani ya taasisi: chumba cha uchapaji cha chuo, cha benki, cha nyumba ya ibada. Kama kinaihudumia taasisi yake tu na kiko ndani ya eneo lake, hesabu za taifa hukichukulia kama shughuli saidizi na thamani yake inazama ndani ya elimu au benki. Kikipokea oda za nje, sehemu hiyo ni uchapaji kamili. Uliza swali moja: asilimia ngapi ya saa za mashine zinakwenda kwa wateja wa nje wanaolipa?

Hesabu ya kiwanda kimoja

Tuchukue kiwanda cha mfano, fedha zikiwa vizio vyovyote utakavyo. Mauzo ya mwaka, bila kodi ya ongezeko la thamani, ni 1,000. Bidhaa zilizokamilika stoo zimeongezeka kwa 20 na kazi zilizo njiani (karatasi zilizochapwa zikisubiri kukunjwa, vitabu visivyojalidiwa) zimeongezeka kwa 10. Thamani ya uzalishaji ni 1,030.

Matumizi ya kati, yaani vilivyonunuliwa kwa wengine na kuliwa katika uzalishaji: karatasi 380, wino na kemikali 45, pleti 35, umeme 40, matengenezo na vipuri 30, laminesheni na kujalidi kulikopelekwa kwa karakana nyingine 60, usafirishaji 25, pango la jengo 30, bima na mengineyo 15. Jumla 660. Thamani iliyoongezwa ni 1,030 ukitoa 660, yaani 370.

Sasa ikague kutoka upande wa pili. Mishahara pamoja na michango ya mwajiri kwenye hifadhi ya jamii 210, uchakavu wa mashine 70, kodi na leseni za uzalishaji 10, faida ya uendeshaji 80. Jumla 370. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia chache, usirekebishe mezani kwa kukisia. Rudi kwa mhasibu wa kiwanda, maana tofauti hiyo karibu kila mara ina jina.

Jina la kwanza ni karatasi iliyonunuliwa dhidi ya karatasi iliyotumika. Kiwanda kilichoshinda zabuni ya vitabu vya shule kinaweza kujaza stoo mwezi wa mwisho wa mwaka wa hesabu. Dodoso likiuliza "mlinunua karatasi kiasi gani?" thamani iliyoongezwa itaanguka, pengine chini ya sifuri, kisha mwaka unaofuata itaruka. Uliza vitu vitatu: akiba ya mwanzo, manunuzi, akiba ya mwisho. Iliyotumika ni mbili za kwanza ukitoa ya tatu.

Jina la pili ni karatasi ya mteja. Wachapishaji wakubwa hununua karatasi yao wenyewe na kumkabidhi mchapaji, ambaye hulipwa ufundi tu. Kwa kuwa umiliki haujabadilika, Mfumo wa Hesabu za Taifa wa 2008 unataka ihesabiwe ada ya kazi peke yake, na karatasi hiyo isionekane kwenye mauzo wala kwenye matumizi ya kati. Kiwanda cha mfano wetu kingepokea karatasi yote kutoka kwa wateja, uzalishaji ungeshuka hadi 650 na matumizi ya kati hadi 280, lakini thamani iliyoongezwa ingebaki 370 ileile. Uwiano wake na uzalishaji, hata hivyo, ungetoka asilimia 36 hadi 57. Kwa hiyo kukisia thamani iliyoongezwa ya kiwanda kwa kuzidisha mauzo yake na uwiano wa kiwanda kingine ni kucheza bahati nasibu, usipojua kwanza nani alinunua karatasi.

Jina la tatu ni mashine za dijitali. Nyingi huendeshwa kwa mkataba wa malipo kwa kila nakala, ambamo tona, vipuri na fundi vyote vimo. Malipo hayo ni matumizi ya kati. Mashine iliyokodiwa kwa muda, ikirudi kwa mwenyewe, kodi yake nayo ni matumizi ya kati. Iliyochukuliwa kwa mkataba wa kulipia hadi iwe yako ni mtaji, na marejesho yake hayahusiki na hesabu hii. Wahasibu wengi wa viwanda vidogo huandika vyote kwenye mstari mmoja, "mashine". Lazima uufungue mstari huo.

Yapo madogo zaidi. Malipo ya awali ya oda si uzalishaji mpaka kazi ifanyike. Deni sugu la mteja halipunguzi uzalishaji, maana kazi ilifanyika na bidhaa ilitoka. Mauzo ya vipande vya karatasi na pleti za alumini zilizotumika ni sehemu ya uzalishaji na husahaulika. Mashine mpya ya kukatia ikiwekwa kwenye gharama za mwaka inamega thamani iliyoongezwa bila haki. Na dalali wa uchapaji, anayepokea oda bila kuwa na mashine na kuipeleka kiwandani, uzalishaji wake ni tofauti kati ya alichotoza na alicholipa tu. Ukichukua ankara yake nzima, oda moja umeihesabu mara mbili kwenye mauzo.

Hati za kodi ya ongezeko la thamani zinasaidia sana kama njia ya kukagua, kwa kuwa mauzo na manunuzi yako pale kila mwezi. Tahadhari ni mbili. Manunuzi kwenye hati hizo hujumuisha mashine, ambazo ni mtaji. Vilevile, mahali ambapo vitabu au magazeti yamesamehewa kodi, sehemu ya mauzo na kodi ya manunuzi hukaa safu tofauti kabisa.

Karatasi kama shahidi

Uchapaji una bahati moja ambayo sekta nyingi hazina: malighafi yake kuu inapimika kwa kilo, na kilo haziogopi mkaguzi. Uzito wa karatasi ni urefu mara upana mara gramu kwa mita ya mraba. Karatasi ya milimita 700 kwa 1,000, gramu 80, ina gramu 56. Rimu ya karatasi 500 ni kilo 28. Kitabu cha A5 chenye kurasa 160 kina majani 80, kila jani likiwa na mita za mraba 0.031. Kwa gramu 80, ndani yake kuna kama gramu 199 za karatasi bila jalada. Nakala 10,000 ni takribani tani 2, kabla ya kuongeza kingo zinazokatwa na zinazoharibika.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, dodoso linalosema kiwanda kilichapa vitabu 10,000 vya namna hiyo kwa tani 20 linajieleza lenyewe: mtu ameongeza sifuri, au kuna kazi nyingine hajaitaja. Jumlisha kwa mkoa mzima na ulinganishe na tani walizouza mawakala wa karatasi. Hazitafanana, kwa kuwa sehemu ya karatasi huenda maofisini na kwenye fotokopi, lakini viwanda vikidai vimetumia kuliko kilichouzwa na kuingizwa, kuna kitu hakijakaa sawa.

Uharibifu uulizwe kwa aina ya kazi. Tuseme mashine ya ofseti, ile inayochapa kwa pleti, inakula karatasi 300 kuweka rangi na mkao sawa kabla nakala ya kwanza nzuri haijatoka. Kwa oda ya karatasi 1,000, hiyo ni asilimia 30 juu ya kinachohitajika. Kwa oda ya 50,000 ni asilimia 0.6. Ndiyo maana mkoa wenye wachapaji wengi wa oda ndogo una sura ya gharama tofauti kabisa na mkoa wenye kiwanda kimoja cha magazeti, hata kama tani zinalingana. Oda zikiendelea kuwa fupi, sehemu ya karatasi kwenye gharama inapanda bila bei kupanda, na pleti zinazotumika kwa kila tani zinaongezeka. Idadi ya pleti zilizouzwa mkoani, kwa hiyo, inakuambia idadi ya kazi. Tani zinakuambia wingi wake. Ukipata zote mbili kwa miaka mitatu mfululizo utaona mwelekeo wa soko bila kumuuliza mtu yeyote maoni yake. Ila kumbuka kwamba mashine za dijitali hazitumii pleti, na kupungua kwa pleti kunaweza kuwa kuhama kwa kazi kutoka ofseti.

Wadogo wasiokuwepo kwenye rejista, na waliokufa waliomo

Orodha ya leseni za biashara ina magonjwa mawili kwa pamoja: haina karakana zilizoanza juzi, na bado ina zilizofungwa zamani. Orodha bora zaidi ipo kwa wauza pleti, wino na karatasi, kwa sababu hakuna anayechapa bila kununua kwao. Iunganishe na ya leseni, kisha tembea mitaa michache iliyochaguliwa kwa kura, mlango kwa mlango, uone wangapi umewakosa.

Viwanda vikubwa uvifikie vyote. Kimoja kinaweza kuwa na uzito wa karakana mia, na sampuli ikikiruka hakuna hesabu itakayorudisha pengo hilo. Vya kati chagua kwa sehemu kubwa. Wadogo chagua kwa nasibu na uwape uzito, yaani idadi ya karakana ambazo kila aliyejibu anaziwakilisha. Kosa la kawaida liko kwenye uzito huo. Tuseme orodha ina karakana 400, umechagua 50, wamejibu 32. Haraka haraka uzito ni 400 gawanya kwa 32, yaani 12.5. Lakini ukifuatilia 18 wasiojibu ukakuta 10 kati yao walishafunga, basi sampuli ina hai 40 kati ya 50, orodha nzima inakadiriwa kuwa na hai 320, na uzito sahihi ni 10. Kila karakana ikiwa na wastani wa thamani ya 24, tofauti ni kati ya 9,600 na 7,680. Umewafufua wafu na kuwalipa mishahara. Kwa hiyo dodoso lisilorudi lifuatiliwe hadi ijulikane: amekataa, amehama au amefunga.

Kwa karakana ndogo usiulize faida. Hakuna anayeijua, na anayeijua hakuambii. Uliza idadi ya rimu kwa wiki ya kawaida, kwa wiki ya msimu na kwa wiki mbaya, bei ya kazi tatu zinazotoka zaidi, idadi ya watu na siku wanazofanya kazi. Kisha ujenge hesabu mwenyewe. Mwenye karakana na mkewe au mumewe wanaofanya kazi bila mshahara wana kipato mseto, ujira na faida vikiwa pamoja. Kiandike hivyo, usikigawe kwa kubuni.

Msimu nao usipuuzwe. Kalenda na shajara hujaa mwisho wa mwaka, vitabu vya shule kabla ya muhula, mabango wakati wa uchaguzi. Utafiti uliofanywa mwezi mmoja na kuzidishwa kwa 12 unapotosha kwa kiasi ambacho hakuna fomula ya kukisahihisha. Mwaka wa uchaguzi usitumike kama mwaka wa msingi bila kulitaja hilo.

Ajira zibadilishwe kuwa nafasi kamili. Vibarua 8 waliokunja karatasi kwa siku 30 wametoa siku 240. Kama mwaka kamili wa kazi ni siku 260, hiyo ni nafasi 0.92. Ripoti inayoandika "ajira 8" haijadanganya kwa maneno, lakini msomaji ataelewa kitu kingine. Andika zote mbili, watu na nafasi.

Kampuni yenye matawi mikoa mingi huleta kichwa kingine cha maumivu: hesabu zake ziko makao makuu. Kila kiwanda kihesabiwe pale mashine zilipo. Kama makao makuu hayana mgawanyo, tumia fungu la mishahara kugawanya. Idadi ya watu hutumika pale tu mishahara inapokosekana, maana fundi wa mashine ya rangi nne na mfungaji wa vifurushi hawazalishi sawa.

Ukishapata ajira, kuna kipimo cha haraka cha mkusanyiko. Uchapaji ukiwa na nafasi 1,800 kati ya 120,000 za mkoa, ni asilimia 1.5, ukiwa na 30,000 kati ya 3,000,000 za nchi, ni asilimia 1. Gawanya: 1.5. Zaidi ya 1 ni dalili kwamba mkoa unachapa kuliko unavyohitaji na huenda unauza nje. Ni dalili tu. Mkoa wenye mji mkuu wa serikali hupata namba kubwa kwa sababu ofisi zinazoagiza fomu ziko humo humo. Ili kujua kinachouzwa nje ya mkoa, omba kila kiwanda kigawe mauzo yake kwa mahali alipo anayelipa ankara.

Kizidishi, mahali namba zinapovimba

Wenye haja ya namba kubwa huja kupumzika hapa. Kizidishi ni mchango pamoja na mizunguko yake, ukigawanya kwa mchango wa mwanzo. Wazo lenyewe ni halali: kiwanda kinaponunua, kinawapa wengine kazi, nao wananunua kwa wengine. Jedwali la mchumi Wassily Leontief, linaloonyesha kila sekta inanunua nini kwa sekta nyingine na lililompa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973, hufuatilia mizunguko hiyo. Kosa ni kuchukua manunuzi yote 660 kana kwamba yamebaki mkoani.

Yapitie moja moja. Karatasi ya 380 imenunuliwa kwa wakala wa hapo hapo, lakini yeye ameiagiza kutoka nje. Kilichobaki mkoani ni faida yake ya biashara tu. Ikiwa asilimia 15, ni 57. Wino na pleti hivyo hivyo. Kwa asilimia 20 ni 9 na 7. Umeme, tukichukua kwamba nusu ya gharama yake inahusu uzalishaji na usambazaji wa ndani, ni 20. Matengenezo 20, kwa kuwa vipuri vimetoka nje. Usafirishaji 25, pango la jengo 30, mengineyo 10. Laminesheni na kujalidi, 60, yote ni ya ndani, lakini karakana hizo ziko daraja la 1812 na tayari umezihesabu kwenye uchapaji wenyewe. Ukiziweka tena hapa, umezihesabu mara mbili. Jumla halali ni 178.

Ikiwa biashara hizo huongeza thamani kwa wastani wa asilimia 55 ya zinachouza, mzunguko wa kwanza ni 98 juu ya 370 za mwanzo, yaani kizidishi cha 1.26. Aliyechukua 660 zote atapata 363 na kizidishi cha 1.98. Kiwanda ni kilekile, mwaka ni uleule, ila mmoja amesahau kwamba karatasi ilikuja kwa meli. Mizunguko inayofuata huongeza kidogo tu, na katika mkoa mdogo huongeza kidogo zaidi, kwa kuwa kila raundi sehemu kubwa inavuja.

Jedwali la Leontief likiwepo, aghalabu ni la taifa zima. Kulitumia kwa mkoa bila kulipunguza ni kudai kwamba mkoa una kila kiwanda kilichopo nchini. Fomula ya mchumi Flegg na wenzake ya 1995 hupunguza viwango vya manunuzi vya jedwali hilo kulingana na ukubwa wa mkoa na mkusanyiko wa kila sekta. Haikamilishi kazi, ila ni bora kuliko kutofanya kitu, na dodoso lako lenye safu ya "ulinunua wapi, na kilitengenezwa wapi" ni bora kuliko fomula.

Athari za mishahara inayotumika madukani ziandikwe peke yake, mbali na hizo za juu. Zinategemea wafanyakazi wanalala wapi. Pato la mkoa huhesabiwa mahali pa kazi, lakini mshahara hununua unga mahali pa kulala. Faida ya mwenye kiwanda anayeishi mbali nayo ni pato la mkoa, bila kuwa kipato cha wakazi wake.

Kuna jambo ambalo ripoti nyingi za sekta hazitaki kuligusa. Kiwanda kingefungwa kesho, je, fomu za hospitali na vitabu vya shule visingechapwa? Vingechapwa mkoa wa jirani. Kwa hiyo mchango mzima unajibu swali la "sekta ni kubwa kiasi gani", si la "mkoa ungepoteza nini". Kwa swali la pili, gawa kazi katika mafungu: zinazouzwa nje ya mkoa, za ndani ambazo zingeagizwa nje, na za ndani ambazo kiwanda jirani cha hapo hapo kingezichukua. Fungu la tatu si hasara kwa mkoa. Wala usiongeze thamani ya biashara iliyofanikiwa "kwa msaada wa" matangazo na vifungashio. Kwa mtindo huo umeme ungedai uchumi wote, na maji yangedai tena.

Bei zikipanda

Rudi kwenye kiwanda chetu. Mwaka wa pili bei ya karatasi imepanda asilimia 30, wingi wa kazi haujabadilika, na mchapaji amefanikiwa kupandisha bei zake kwa wateja kiasi kwamba uzalishaji umetoka 1,030 hadi 1,130. Karatasi imetoka 380 hadi 494, matumizi ya kati hadi 774. Thamani iliyoongezwa ni 356. Mauzo yamekua kwa karibu asilimia 10 na mchango kwa bei za mwaka huo umeshuka. Kwa bei za mwaka wa kwanza, hakuna kilichobadilika. Kupata hilo inabidi upunguze mfumuko pande mbili: uzalishaji kwa kielezo cha bei za kazi za uchapaji, karatasi na vingine kwa vielezo vyake. Kutumia kielezo kimoja cha bei za walaji kwa vyote kunaficha mwaka mbaya wa karatasi, na katika uchapaji mwaka mbaya wa karatasi ndio habari yenyewe.

Unapochapisha matokeo, jedwali libebe madaraja ya ISIC na toleo lake, mwaka wa bei, waliochaguliwa na waliojibu kwa kila kundi, na mchango wa moja kwa moja ukiwa safu tofauti na wa mizunguko. Usiandike desimali mbili kwenye kitu kilichotokana na sampuli ya watu 32. Angalia pia usiri. Mkoa ukiwa na kiwanda kimoja tu cha magazeti, namba ya "magazeti" ni hesabu ya ndani ya kampuni hiyo, na mshindani wake ataisoma kabla ya wewe kumaliza hotuba ya uzinduzi. Kanuni inayotumiwa na ofisi nyingi za takwimu ni kuficha kisanduku chenye kampuni chini ya tatu, au ambacho moja inakibeba karibu chote. Ukikificha kimoja, ficha na cha pili katika mstari huo huo, la sivyo msomaji ataondoa vilivyobaki kwenye jumla na kukipata.